Okoa Picha Kwanza, Ndipo Udai Pesa

Mdogo wangu aliolewa Jumamosi moja ya Desemba jijini Dar es Salaam, ibada saa nane mchana, sherehe usiku katika ukumbi mmoja wa Sinza. Mimi nilikuwa katibu wa kamati. Wiki saba baadaye mpiga picha akaleta kazi: mfuko wa karatasi, ndani albamu moja na flashi. Tulikusanyika sebuleni kwa mama, tukaichomeka flashi kwenye televisheni, tukakaa kutazama. Picha ya kwanza keki. Ya pili keki. Ya tatu bibi harusi anashuka garini, shela limeng'aa mpaka maua yake hayaonekani, uso umezama gizani. Tulipovuka picha ya mia moja mama akauliza, "Mbona bibi simwoni?" Tukaendelea kubonyeza hadi picha ya 163, na hiyo ikawa ya mwisho. Bibi yetu, aliyetoka Moshi kwa basi akiwa na miaka 80 na kitu, aliyelishwa kipande cha ndafu na maharusi huku ukumbi mzima ukipiga vigelegele, hakuwamo hata katika picha moja. Mdogo wangu akanyanyuka kimya, akaenda kukaa kibarazani.

Shemeji akashika simu ampigie mpiga picha. Alikuwa anatetemeka kwa hasira. Nikamwomba ile simu. Nikamwambia, "Shemeji, pesa tutazidai, lakini usimtukane mtu aliyeshika picha zetu."

Hilo ndilo ninalotaka msomaji wangu alichukue kabla ya jingine lolote. Pesa ikipotea hutafutwa nyingine. Siku ya harusi haitafutwi. Mpiga picha akikurudishia kila shilingi kisha akafuta alichonacho, umetoka na hasara kubwa kuliko uliyoingia nayo. Nimeshuhudia ndugu na majirani wakianza na matusi na kumaliza bila pesa na bila picha, na kila mara nimeumia, kwa sababu mambo yangeweza kwenda vingine.

Kamera huhifadhi picha kwenye kadi ndogo, na mpiga picha mwenye harusi kila Jumamosi huzitumia kadi zilezile tena na tena. Akishanakili picha kwenye kompyuta, kadi inasafishwa na kurudi kazini. Kompyuta nayo hujaa, kazi za zamani zikafutwa kupisha mpya. Katika harusi moja anaweza kubonyeza kamera mara elfu moja au mbili, akachagua mia chache za kukukabidhi. Zilizobaki hukaa kwake miezi kadhaa, au hazikai kabisa, kutegemea utaratibu wake. Hata kadi iliyokwisha kusafishwa, picha zake mara nyingi huweza kurejeshwa kwa programu maalumu, ilimradi hazijapigwa nyingine juu yake. Kila Jumamosi inayopita inakupunguzia nafasi hiyo.

Usiku ule nilimwandikia hivi: "Kaka, habari za kazi. Picha tumeziona, asante. Kuna watu na matukio hatujayaona humo. Tunaomba usifute kitu chochote cha harusi yetu, na kadi usizitumie kwanza. Kesho nitakuja na diski ya kompyuta nichukue picha zote ghafi, hata zilizoharibika." Neno la kurudishiwa pesa halikuwamo, na sikuliweka kwa makusudi. Alikubali, akataka shilingi 50,000 ya muda wake. Nikalipa. Wapo kwenye familia walionilaumu kwamba nimemwongezea pesa mtu tunayemdai, lakini mpaka leo naona nilifanya sawasawa. Tulipata picha 1,912. Katikati ya lundo lile alikuwamo bibi. Taa za ukumbi zimemmwagia rangi ya zambarau, picha imetikisika kidogo, kiwiko cha mtu kimeziba kona. Lakini ni bibi, mdomo wazi anapokea nyama, na mdogo wangu ameinama mbele yake anacheka. Bibi alifariki Agosti iliyofuata, na picha hiyo ndiyo mama aliyoitundika ukutani.

Unapoomba picha ghafi, omba, usiamuru. Picha ni kazi inayolindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kama makubaliano yenu hayakutaja ghafi, usidhani ni zako moja kwa moja. Wapiga picha wengi huzificha kwa kuogopa kwamba utazirusha mtandaoni zikiwa hazijahaririwa, watu wakaona kazi yao mbaya. Mwahidi kwa maandishi kwamba hutafanya hivyo, na uitunze ahadi hiyo. Mara nyingi mlango hufunguka hapo.

Picha zikishakuwa salama mikononi mwenu, kaeni chini mjiulize swali gumu: tumekosa tulichoahidiwa, au tumepata tusichokipenda? Madai ya pesa yamejengwa juu ya swali hilo. Bibi harusi akijiona mnene, akichukia tabasamu lake, au akitamani angesimama upande mwingine, hilo ni jambo la moyo na linastahili kusikilizwa, lakini halirudishi pesa. Rangi ya kahawia iliyotawala picha zote nayo hairudishi pesa ikiwa ndiyo rangi mliyoiona kwenye ukurasa wa mpiga picha mkaipenda. Na tujisemee ukweli kuhusu saa. Maharusi wetu walichelewa saluni, ibada ikasogea, tukafika ufukweni Kawe saa kumi na mbili na nusu giza linaingia. Picha za ufukweni zilikuwa chache na hafifu. Shemeji alitaka tuziweke kwenye madai. Nilikataa, kwa sababu hilo lilikuwa letu. Wageni waliosimama katikati ya njia ya kanisa na simu zao, wakimziba mpiga picha wakati wa pete, nao walikuwa wetu.

Upande wa pili yapo makosa ambayo ni ya fundi na si ya mtu mwingine. Chukua ile picha ya bibi harusi akishuka garini. Jua la mchana liko juu ya kichwa, shela jeupe linalirudisha lote, na uso wenye ngozi nyeusi uko kwenye kivuli cha nywele na veli. Mpiga picha wa harusi za kwetu hukutana na hali hiyo kila wiki, na dawa yake anaijua: taa ya kamera ya kujazia usoni, au kumsogeza bibi harusi hatua tatu kwenye kivuli. Asipofanya, nguo huungua na uso hupotea katika picha moja. Uso ulio gizani mara nyingi unaweza kuinuliwa kwenye faili ghafi. Shela lililoungua kabisa halirudi, kwa kuwa hakuna kilichorekodiwa cha kurudisha.

Vivyo hivyo picha zilizotikisika. Ukitazama kwa makini utaona za aina mbili: kuna ambayo kila kitu kimevutika, kamera ilisubiri mwanga muda mrefu mkono ukacheza, na kuna ambayo nyuso hazieleweki lakini pambo la ukutani nyuma yake linaonekana kila uzi, kamera ililenga pasipo. Hizo hakuna wa kuzitengeneza. Rangi ya zambarau na bluu ya taa za ukumbi ni ngumu kuiondoa usoni, ila picha kama hiyo ikigeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe mara nyingi huokoka. Ya bibi tuliifanya hivyo.

Mpiga picha atakuambia ukumbi ulikuwa na giza. Mimi siukubali utetezi huo. Giza la ukumbi ndilo linalotufanya tumlipe mtu wa kazi. Kwenye jua la asubuhi hata mpwa wangu wa darasa la sita anapiga picha nzuri kwa simu. Utetezi wake unasimama pale tu ambapo alikatazwa kutumia taa, kama baadhi ya makanisa yanavyofanya wakati wa ibada, au pale alipowatahadharisha mapema kuhusu taa za mpambaji mkampuuza.

Angalizo moja kabla hujahukumu: usitazame picha zilizotumwa WhatsApp. WhatsApp hubana picha ipite haraka, na picha safi inaweza kukufikia kama imepakwa vumbi. Omba faili zenyewe kwa flashi au kwa kiungo cha kupakua, uzifungue kwenye kioo kikubwa. Na kama ubaya uko kwenye albamu, linganisha ukurasa na faili yake. Faili ikiwa nzuri na ukurasa umefifia au umegeuka kijani, kosa ni la kuchapisha, na unachostahili kudai ni kuchapishiwa upya.

Sasa tuje kwenye ahadi. Watu wengi huniambia, "Sisi hatukuandikiana, tulielewana tu kwa simu." Mmeandikiana zaidi ya mnavyofikiri. Kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, makubaliano ya watu wawili huru yenye malipo na lengo halali ni mkataba, hata yakiwa ya mdomo. Na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa simu kupokelewa kama ushahidi. Rudi nyuma kwenye mazungumzo yenu tangu siku ya kwanza. Pale alipoandika "picha 400, albamu 2, fremu 2, video," pale alipotaja bei, pale aliposema atakuja yeye mwenyewe na si kijana wake, piga picha ya kioo kila ukurasa, tarehe na namba vikionekana. Zihifadhi meseji za muamala wa pesa. Hifadhi na picha za mfano alizokuonyesha wakati anakushawishi, kabla hazijaondolewa mtandaoni. Ukija kugundua kwamba zilikuwa kazi za mtu mwingine, jambo linabadilika sura: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mteja, na unaweza kulifikisha Tume ya Ushindani, FCC.

Faili ya picha nayo inasema. Ndani yake huwa kumeandikwa aina ya kamera, tarehe na saa iliyopigwa. Sisi tuligundua kwa njia hiyo kwamba kati ya saa tatu usiku na saa nne kasoro robo hapakupigwa hata picha moja. Ndio muda ambao wazazi wa pande zote mbili walikuwa wanatoa nasaha. Mpiga picha alipoulizwa alikiri kwamba alikuwa anakula.

Lipo jambo la kwetu linalowakwaza wengi: nani hasa anadai? Mteja wa mpiga picha mara nyingi si maharusi, ni kamati. Mwenyekiti ndiye aliyeelewana, mweka hazina ndiye aliyetuma pesa kwa simu yake, na kufikia siku ya malalamiko kamati imeshavunjwa, nyama imeliwa, kila mtu yuko kwenye shughuli zake. Mpiga picha akiwa mjanja atawaambia maharusi kwamba hana mkataba nao. Basi mtafuteni mweka hazina mapema, awapeni meseji zote za malipo na karatasi ndogo yenye sahihi yake inayosema pesa ile alilipa kwa niaba ya maharusi. Nasi tulikuwa na kosa letu. Makubaliano yalisema shilingi 300,000 za mwisho zingelipwa baada ya kazi kukabidhiwa. Mweka hazina wetu, mtu mwaminifu sana, alizilipa wiki mbili baada ya harusi ili afunge hesabu kabla ya sherehe ya kuvunja kamati. Hesabu zilifungwa vizuri, na mpiga picha akakosa sababu ya kuharakisha.

Unapodai, usidai zote kwa mkupuo. "Turudishie pesa zetu" ni kilio, na mtu hujibu kilio kwa kilio. Gawanya kazi vipande, kila kipande ukitie bei. Sisi mkataba ulikuwa shilingi 1,800,000: picha 400 zilizohaririwa 1,000,000, albamu mbili 300,000, fremu mbili 100,000, video 400,000. Video ilikuwa nzuri, hatukuigusa. Albamu moja haikuja: 150,000. Fremu hazikuja: 100,000. Picha zilipungua 237. Tulimpa nafasi apitie ghafi tena, akapata nyingine 90 zinazofaa, akazihariri. Zikabaki pungufu 147, kila moja shilingi 2,500 kwa bei yake mwenyewe, jumla 367,500. Dai letu likawa shilingi 617,500, na kila shilingi ilikuwa na mahali ilipotoka. Kwenye kikao hakuna aliyepandisha sauti, kwa sababu kulikuwa na karatasi ya kuelekeza kidole.

Ile nafasi ya kurekebisha mpe, hata kama moyo hautaki. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kinampa aliyevunjiwa mkataba haki ya fidia kwa hasara iliyotokana na uvunjaji huo, lakini pia kinataka iangaliwe ni njia gani zilikuwapo za kupunguza hasara. Ukikataa mpiga picha asihariri upya bure wakati inawezekana, unajidhoofisha mwenyewe. Upo pia mpango wa kurudia baadhi ya picha: maharusi wanavaa tena, wanapigwa picha za wawili au za familia. Kwa picha za kupozi unafaa. Tatizo, shela kwetu mara nyingi ni la kukodi, mpambaji ana bei yake, gari lina bei yake. Gharama hizo zikilipwa na aliyekosea, ukubalini. Ila asiwaambie kwamba kurudia kunafuta kila kitu, maana ibada hairudiwi, wala wazee hawarudi mezani.

Na machungu je, hayana bei? Mwaka 1971 mahakama moja ya Scotland ilisikiliza kesi ya bibi harusi ambaye mpiga picha wake hakutokea kabisa, ikampa pauni 30 kwa ajili ya uchungu wa moyo tu. Kwetu fidia ya jumla iko mikononi mwa hakimu, na ushauri wangu ni usiifanye ndiyo nguzo. Simamia vipande vyenye bei. Machungu yataje kwa sentensi moja, kwa heshima.

Andika barua. Ukurasa mmoja unatosha. Yangu ilianza hivi: "Ndugu, tarehe fulani tulikubaliana nawe kazi ya picha kwa shilingi 1,800,000, na tulilipa zote. Tunakushukuru kwa video na kwa picha 90 ulizoongeza. Hadi leo hatujapokea vifuatavyo." Ikafuata ile hesabu, kisha: "Tunaomba uturudishie shilingi 617,500 ndani ya siku 14, au utuite tukae tuzungumze." Peleka kwa mkono, nakala yako isainiwe, na uitume pia kwa simu. Chunga lugha. Barua hiyo inaweza kusomwa na hakimu siku moja, na hakimu atataka kujua nani kati yenu alikuwa muungwana.

Kwenye kikao nenda na mtu mzima mmoja anayeheshimika, mwenyekiti wa kamati au baba mdogo, na umwache bibi harusi nyumbani. Atalia, na mazungumzo yatahama. Sisi tulikaa saa moja na nusu. Alianza na sababu nyingi, kisha akaomba radhi kweli, akasema pesa hana zote. Tulikubaliana shilingi 500,000 kwa mikupuo miwili, tukaziacha 117,500. Tuliandika palepale, akasaini, mashahidi wawili wakasaini. Karatasi hiyo ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana. Kabla ya sahihi, mlikuwa na ubishi kuhusu ubora wa picha, jambo ambalo kila mtu analiona kwa jicho lake. Baada ya sahihi, ni deni, na deni hakimu halimpi shida kulielewa.

Akigoma kabisa, mwenyekiti wa serikali ya mtaa anaweza kumwita, na wengi huitika. Ikishindikana, Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya madeni yanayotokana na mikataba, lugha yake ni Kiswahili, na hulazimiki kuwa na wakili. Nenda na karatasi zako zikiwa zimepangwa kwa tarehe. Kwa wasomaji wa Kenya, Mahakama ya Madai Madogo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni 1 za Kenya na hutakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60. Na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamtaka mtoa huduma atoe huduma ya kiwango kinachokubalika.

Polisi usikimbilie. Picha mbaya ni madai, si jinai, na kumtishia mtu kumlaza rumande ili alipe ni kumwonea. Ni tofauti na yule aliyechukua advansi za maharusi watano kwa siku moja na kuzima simu. Huyo anajipatia fedha kwa udanganyifu, na polisi ndiko kwake.

Na usiende Instagram. Najua inavyowasha. Unaweka picha mbaya, unataja jina lake, shoga zako wanamwagika kwenye maoni. Lakini Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu kusambaza taarifa za uongo na kumwandama mtu mtandaoni, na neno moja la kuzidisha, "tapeli" kwa mfano, linaweza kukugeuza wewe ndiye mshtakiwa. Zaidi ya hilo, ukishamharibia jina hana tena sababu ya kuelewana nawe. Mtu akikuuliza kuhusu kazi yake mweleze ukweli uliokupata, kwa kiasi, ana kwa ana.

Kwa wanaojiandaa kuoa na kuolewa nina maneno machache. Muombe mpiga picha akuonyeshe harusi moja nzima, kuanzia nyumbani hadi ukumbini, si picha ishirini bora za harusi ishirini. Andikeni idadi, tarehe ya kukabidhi, nani atashika kamera, ghafi zitakaa muda gani na mtapewa au la. Mpe orodha ya watu ambao lazima wapigwe, na mteue ndugu mmoja anayewafahamu awe anamshika mpiga picha mkono: "Huyu ndiye bibi, huyu mjomba." Sisi hatukuwa na mtu huyo, na naihesabu kuwa sehemu yetu katika yaliyotokea. Pesa ya mwisho isitoke kabla ya kazi, hata kamati ikivunjwa. Aachiwe mtu mmoja. Na siku ya kukabidhiwa, ukiletewa karatasi ya kusaini kwamba umepokea na umeridhika, andika kwa mkono wako: "Nimepokea albamu 1 na flashi 1, sijakagua," ndipo usaini.

Lakini kama harusi yenu imeshapita, na picha zimekuja mkazitazama mkanyamaza, acheni hayo ya mkataba kwanza. Mpigieni leo kabla Jumamosi haijafika, kwa sauti ya upole, mkamwulize kadi za kamera na picha ghafi ziko wapi, na nani aje kuzichukua.